Mji Hujengwa Upya Juu ya Kanvasi

Anayeanza kujifunza kuchora mji kwa rangi za mafuta karibu kila mara huanza na dirisha. Huchagua jengo analolipenda, hukazia macho shubaka moja, hulichora mpaka kioo na bawaba vionekane, kisha huhamia la pili na la tatu. Anapofika kwenye mapaa hugundua kwamba ghorofa ya juu imeinama, ukuta wa pembeni umekataa kurudi nyuma, na barabara iliyo tambarare inapanda mlima. Bidii hakukosa, na jicho kali analo. Tatizo ni kwamba alianza na kazi ya mwisho. Picha ya mji inayoaminika machoni haitokani na wingi wa vitu vilivyonakiliwa. Hutokana na maamuzi machache makubwa yanayofanywa mapema, kuhusu kipimo, kuhusu mwanga na kuhusu kile kitakachoachwa nje, na uvumilivu wa kuyalinda maamuzi hayo mpaka brashi ya mwisho. Mashahidi wa hoja hii ni wachoraji walewale ambao picha zao za miji zinasifiwa kwa ukweli kuliko zote. Ukizikagua kazi zao kwa karibu, unakuta watu waliojenga mji upya juu ya kanvasi.

Chukua picha ya mji wa Delft iliyochorwa na Johannes Vermeer takriban mwaka 1660 au 1661, ambayo leo iko katika jumba la makumbusho la Mauritshuis huko The Hague. Si picha kubwa sana: upana wake ni sentimita 115.7 na kimo chake sentimita 96.5. Zaidi ya nusu ya eneo hilo ni anga yenye mawingu. Mji wenyewe ni ukanda mwembamba kati ya anga na maji, na ndani yake Vermeer ameweka kuta, malango, mapaa na mnara wa kanisa la Nieuwe Kerk. Waliolinganisha picha hii na ramani na michoro ya Delft ya karne ile wamebaini kwamba mchoraji aliutuliza mstari wa mapaa na kuyapanga majengo yakae sambamba zaidi na ukingo wa maji. Eksrei zimeonyesha pia kwamba aliurefusha uakisi wa lango la Rotterdam majini, ukashuka chini kuliko alivyouweka mwanzo, ili mji wa ng'ambo ushikamane na ukingo wa mbele. Kisha akauweka upande wa mbele wa mji kwenye kivuli cha wingu na kuumulika mnara wa nyuma kwa jua kali. Hakuna hata uamuzi mmoja kati ya hayo unaohusu idadi ya matofali. Mapaa yanayoonekana kana kwamba yamepangwa kigae kwa kigae kwa kweli ni rangi yenye chembechembe, iliyowekwa ili uso wake uwe wa kukwaruza. Vigae anavimalizia mtazamaji mwenyewe.

Uamuzi wa kwanza, basi, ni kipimo, na hapa historia imetupa zana iliyo tayari. Mwanzoni mwa karne ya 15, Filippo Brunelleschi wa Florence alichora jengo la ubatizo la San Giovanni kwenye ubao mdogo, kama linavyoonekana kwa mtu aliyesimama kwenye mlango wa kanisa kuu linalotazamana nalo. Alitoboa tundu kwenye ubao huo, akamtaka mtazamaji achungulie kutoka nyuma huku ameshika kioo mbele, ili aone picha ndani ya kioo kutoka pale pale mchoraji aliposimama. Mahali pa anga hakupaka rangi. Aliweka fedha iliyong'arishwa, mawingu ya kweli yakawa yanapita ndani ya picha. Mwaka 1435 Leon Battista Alberti aliandika kanuni hizo kitabuni, na tangu hapo kila fundi wa picha za miji ameishi nazo. Jambo ambalo mwanafunzi anapaswa kulishika katika jaribio la Brunelleschi ni lile tundu. Picha ya mji ni taarifa ya mahali pamoja: nilisimama hapa, jicho langu lilikuwa kwenye kimo hiki. Ukibadilisha kimo cha jicho katikati ya kazi, kila mstari utakaoufuata utakuwa unapingana na uliotangulia.

Kwa hiyo mstari wa kwanza kwenye kanvasi ni ule wa kimo cha macho, unaokatiza picha yote kwa mlalo, hata pale majengo yanapoficha upeo wa bahari au ardhi. Mistari yote ya mlalo iliyo sambamba katika jengo, ya sakafu, vizingiti, roshani na ukingo wa paa, inapokwenda mbali na mchoraji huelekea kwenye nukta moja ya kutokomea iliyo kwenye mstari huo. Iliyo juu ya macho hushuka, iliyo chini ya macho hupanda. Ukiwa umesimama mtaani, watu wazima wote wa kimo chako walio kwenye ardhi tambarare watakatwa na mstari huo machoni, aliye hatua tano mbele yako na aliye hatua mia mbili. Ukipanda ghorofa ya tatu ukachora ukiwa dirishani, mstari unapanda nawe, na vichwa vya watu wote vinabaki chini yake. Mwanafunzi anayelielewa jambo hili moja huokoa miezi mingi ya kufuta na kurudia. Ugumu wa kweli huja pale jengo linapoonekana kwa pembe, kwa sababu nukta za kutokomea huangukia nje ya kanvasi, pengine mita moja kulia na mita mbili kushoto. Dawa yake ni ya kifundi: pigilia msumari ukutani kwenye kimo cha mstari wa macho, funga uzi, na uvute uzi huo juu ya kanvasi kila unapohitaji mwelekeo. Kwa kuta zinazosimama, tumia timazi. Hakuna aibu yoyote katika rula, bikari na timazi. Kwenye picha za Giovanni Antonio Canal wa Venice, anayejulikana zaidi kwa jina la Canaletto, mistari ya rula na duara za bikari za matao bado zinaonekana zilipokwaruzwa kwa ncha kali ndani ya rangi.

Canaletto anastahili kuangaliwa kwa muda, kwa sababu hakuna mchoraji aliyeuza sura ya mji wake kwa mafanikio kama yake, na hakuna aliyefikiriwa kimakosa kuwa mnakili kama yeye. Alizaliwa mwaka 1697, mtoto wa mchoraji wa mandhari za jukwaa la tamthilia, na akaanza kazi katika karakana ya baba yake. Huko ndiko alikojifunza kwamba ukumbi wenye kina cha hatua chache unaweza kufanywa uonekane uwanja mkubwa wa mji, mradi mistari ipangwe vyema. Daftari lake la michoro limehifadhiwa katika jumba la Gallerie dell'Accademia mjini Venice. Ndani yake utaona jengo baada ya jengo kwa mstari tu, ukurasa mmoja ukiunganika na unaofuata, na maneno mafupi ya kumkumbusha rangi au jina la mahali. Hizo zilikuwa malighafi. Akirudi karakanani aliunganisha sehemu zilizoonekana kutoka vituo tofauti, akapanua mfereji, akasogeza mnara, akainyoosha njia iliyopinda. Wanunuzi wake, wengi wao Waingereza waliopelekewa kazi hizo na mfanyabiashara Joseph Smith aliyekuja kuwa balozi mdogo wa Uingereza mjini humo, walizipokea kama Venice yenyewe. Mwaka 1762 mfalme George wa Tatu alinunua mkusanyo wa Smith, ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi bora za Canaletto iko Uingereza mpaka leo.

Hapo ndipo pingamizi la kwanza linapoinuka, na ni zito: mbona haya yote ya uzi na misumari, wakati simu ya mfukoni hupiga picha yenye mistari sahihi kwa sekunde moja? Tena, huyo Canaletto naye si alitumia kisanduku cha kuakisi picha, babu wa kamera? Jumba la makumbusho la Correr mjini Venice linacho kisanduku kimoja chenye jina la A. Canal, na kwa miaka mingi watu waliamini kwamba michoro yake ilifuatishwa humo. Lakini uchunguzi wa mwanga wa infraredi uliofanyiwa michoro iliyo katika mkusanyo wa kifalme wa Uingereza umeonyesha chini ya wino mistari ya penseli na rula, yaani kazi ya mtu anayesanifu mezani. Zaidi ya hapo kuna ushahidi wa mtu wa zama zake. Anton Maria Zanetti, aliyeandika historia ya uchoraji wa Venice iliyotoka mwaka 1771, alimsifu Canaletto kwa kufundisha namna sahihi ya kutumia kifaa hicho na kwa kuyatambua makosa ambayo kifaa humwingizia mchoraji anayekiamini kabisa. Maneno hayo yalitangulia simu kwa zaidi ya miaka mia mbili, na yanaifaa simu vilevile.

Makosa yenyewe yanajulikana. Lenzi kuu ya simu imetengenezwa kunasa eneo pana, kwa hiyo majengo ya pembeni mwa picha huvutika na kunenepa, huku jengo la katikati likisukumwa mbali na kuonekana dogo kuliko macho yalivyolipima. Ukiinua simu ili upate paa la ghorofa ndefu, kuta zinazosimama huanza kuegemeana kuelekea juu. Jicho linaloangalia mtaa huo huo halioni hivyo, kwa sababu ubongo unajua kuta zimesimama. Mwanga nao una makosa yake. Mchana wa pwani, kamera ikijipima kwa anga, kivuli cha baraza kinageuka shimo jeusi; ikijipima kwa kivuli, anga na ukuta wa chokaa vinaungua vikawa vyeupe pe. Jicho husoma vyote viwili kwa kuhamahama. Anayenakili picha ya simu hunakili mapungufu hayo kwa uaminifu mkubwa, na watazamaji husema kazi yake inafanana na picha ya simu, kisha hawana la kuongeza. Wapo waliojenga sanaa kubwa juu ya picha za kamera, na Richard Estes wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1932, ni mkubwa wao. Mitaa yake ya New York yenye vioo na vibanda vya simu inaonekana kama picha ya kamera kabisa. Lakini Estes hutumia picha kadhaa za mahali pamoja, huchagua na kupanga upya, na huweka mbele, katikati na nyuma katika ukali sawa, jambo ambalo lenzi hushindwa kulifanya katika pigo moja. Kamera humpa taarifa tu, na uamuzi hubaki mkononi mwake. Mwanafunzi atumie simu kwa namna hiyo, akiwa ameshachora mahali hapo kwa penseli na anajua ni wapi simu inamdanganya.

Uamuzi wa pili ni mwanga, na hapa ndipo picha nyingi zilizopimwa vizuri hufia. Mji ni mkusanyiko wa maboksi. Kila boksi lina upande unaopigwa na jua, upande ulio kivulini, na juu yake paa linalopokea anga. Tofauti kati ya pande hizo ikiwa thabiti katika picha yote, mtazamaji anauona mji hata kabla hujachora dirisha moja; ikiyumba, madirisha elfu moja hayataiokoa. Ndiyo maana walimu wengi wa uchoraji humtaka mwanafunzi afanye kwanza mchoro mdogo, usiozidi kiganja cha mkono, wenye viwango vitatu au vinne tu kutoka nyeupe hadi nyeusi. Ni zoezi linaloonekana la kitoto, na wengi hulidharau, lakini hapo ndipo kila kosa la mwanga huonekana kwa gharama ya karatasi moja. Jua nalo halisubiri. Mhispania Antonio López García alichora barabara ya Gran Vía ya Madrid kuanzia mwaka 1974 hadi 1981. Alifika pale alfajiri za majira ya joto, kwa muda mfupi ambao mwanga ulikuwa ule ule na barabara ingali tupu, na mwanga ukihama anafunga kazi mpaka asubuhi nyingine. Picha haifiki hata mita moja kwa mita moja. Miaka saba kwa kipande cha ukubwa huo inaweza kuonekana uzembe au wazimu. Mimi naiona kama heshima kwa uamuzi mmoja. Asingeshikilia saa yake ile, angepata vivuli vya asubuhi upande mmoja na vya mchana upande mwingine.

Kwa sisi tunaoishi karibu na ikweta jambo hili lina uzito wa ziada, na vitabu vya Ulaya havilisemi. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi na tena wiki ya pili ya Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini kabisa, na siku nyingine za mwaka haliendi mbali. Saa sita mchana kuta karibu zote hukosa upande wa jua na upande wa kivuli. Mwanga unateleza juu yake kwa wima, paa linang'aa, na kivuli cha ukingo wa paa kinaning'inia kifupi juu ya madirisha. Mchoraji wa Amsterdam au London hupata kivuli cha pembeni karibu mchana kutwa. Wa Zanzibar au Mombasa hukipata kuanzia saa moja hadi kama saa tatu asubuhi, na tena kuanzia saa kumi jioni, halafu giza linaingia kwa haraka. Sehemu za mbele za majengo ya Forodhani, Zanzibar, zimeelekea baharini, upande wa magharibi, kwa hiyo jua la jioni ndilo linalozifunua nguzo na roshani zake. Asubuhi ziko kwenye kivuli chenye mwanga wa kutosha kuonyesha rangi bila kung'ara. Hizo ni picha mbili tofauti. Mwanafunzi achague moja.

Kuhusu rangi zenyewe, kwanza tuelewane: rangi za mafuta za mchoraji hazifanani na rangi ya mafuta ya kopo inayopakwa kwenye milango na madirisha. Za mchoraji ni unga wa rangi uliosagwa ndani ya mafuta, aghalabu ya mbegu za kitani. Mafuta hayo hayakauki kwa kuyeyuka hewani kama maji. Hukaa yakivuta oksijeni na kugeuka utando mgumu, kazi inayoweza kuchukua siku kadhaa kwa tabaka jembamba na miezi kwa tabaka nene. Kutokana na hilo inatoka kanuni inayofundishwa kila mahali: tabaka za chini ziwe na mafuta kidogo na za juu ziwe na mafuta zaidi, la sivyo la juu litakauka mapema na kupasuka wakati la chini bado linacheza. Wapo wanaouliza kwa nini mwanafunzi wa leo ajisumbue, wakati akriliki hukauka kwa dakika na kuoshwa kwa maji. Kwa ukuta wa jua wenye ukingo mkali akriliki inatosha, na Estes mwenyewe huanza nayo chini kabla ya kumalizia kwa mafuta. Lakini mji si ukingo mkali tu. Mnara wa mbali unapoingia kwenye ukungu wa bahari, ukingo wake unapaswa kulainishwa kwa brashi kavu wakati rangi zote mbili, ya mnara na ya anga, zingali mbichi, na kwa hilo mafuta hayana mpinzani. Uchelewaji wake pia humpa mwanafunzi nafasi ya kufuta. Kosa la leo linaweza kukwanguliwa kesho kwa kisu.

Mpangilio wa kazi unafuata hoja ile ile. Tabaka la kwanza ni jembamba, rangi ya udongo wa kahawia iliyopunguzwa kwa tapentaini, na kazi yake ni kutenga mwanga na giza. Kahawia hiyo ya udongo hukauka upesi kwa sababu ina manganizi, ndiyo maana mafundi waliipenda kwa msingi. Tabaka la pili ni rangi za maboksi makubwa: anga, ukuta wa jua, ukuta wa kivuli, ardhi. Kijivu cha mji hakitoki kwenye nyeusi na nyeupe. Kahawia iliyoungua ikichanganywa na buluu ya altramarini hutoa kijivu kinachoweza kuegemea joto au ubaridi kwa kuongeza kidogo upande mmoja, na mchanganyiko huo mmoja unaweza kubeba vivuli vya mtaa mzima. Vitu vya mbali hupoteza giza lake kwanza, kisha ukali wa rangi. Jengo la ng'ambo ya bandari haliwezi kuwa na nyeusi nzito kama nguzo iliyo mita tano kutoka kwako, hata kama vyote viwili vimepakwa rangi moja. Ni baada ya haya yote ndipo dirisha linaruhusiwa. Na linapokuja, huja kwa mapigo mawili au matatu: giza la ndani, kivuli cha kizingiti, mstari wa mwanga kwenye ukingo wa chini. Jan van der Heyden wa Amsterdam, aliyeishi kati ya mwaka 1637 na 1712, ndiye anayesifiwa kwa kuchora matofali yanayoweza karibu kuhesabika. Alikuwa pia mvumbuzi, aliyeupa mji wake mpango wa taa za barabarani na, pamoja na ndugu yake, mpira wa kuzimia moto. Hata yeye, mtu wa vipimo na mitambo, aliyatoa majengo ya kweli mahali pake na kuyapandikiza kwenye mitaa aliyoitunga. Tofali lake linaaminika kwa sababu ukuta unaolibeba umekaa sawa kwenye mwanga.

Msomaji makini atakuwa ameshika pingamizi kubwa kuliko yote. Ikiwa Vermeer alisawazisha mapaa, Canaletto akasogeza minara na Van der Heyden akahamisha majengo, je, huo ni uhalisia au ni uongo uliopakwa vizuri? Jibu langu linaanzia Warsaw. Bernardo Bellotto, mpwa na mwanafunzi wa Canaletto, alitumia miaka yake ya mwisho huko, akimchorea mfalme Stanisław August Poniatowski mitaa ya mji mkuu wake mpaka alipofariki mwaka 1780. Mwaka 1944, baada ya wakazi kuinuka dhidi ya majeshi ya Ujerumani, mji ulibomolewa kwa makusudi, na zaidi ya asilimia 85 ya kitovu chake cha kale ikawa kifusi. Walipoanza kuujenga upya, wasanifu walitumia vipimo na picha za kamera zilizosalia, na walitumia pia picha za Bellotto. Mji Mkongwe wa Warsaw uliojengwa hivyo uliingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1980. Na watafiti wanajua kwamba Bellotto naye aliyarekebisha baadhi ya majengo ili yapendeze, kiasi kwamba sehemu chache za mji wa leo zinafuata brashi yake kuliko zilivyokuwa kuta za karne ya 18.

Wengine husoma habari hiyo kama onyo dhidi ya wachoraji. Mimi naisoma tofauti, ingawa sikatai kwamba onyo limo. Picha za Bellotto zilifaa kwa ujenzi kwa sababu chini ya marekebisho yake kulikuwa na upimaji wa kweli: upana wa barabara kwa kulinganisha na kimo cha nyumba, idadi ya ghorofa, mpangilio wa madirisha, mahali kanisa linapokatisha anga. Alijua hasa kilichokuwapo kabla ya kubadilisha chochote. Kuna tofauti kubwa kati ya mchoraji anayesogeza nguzo kwa kujua na yule ambaye nguzo imemsogea bila yeye kuona. Uhalisia unadai uhusiano wa vitu uwe wa kweli kwa jicho lililosimama mahali pamoja. Ndani ya mipaka hiyo mchoraji ana uhuru. Ninaweka sharti moja hapa, na sioni kwa nini lilegezwe: anayechora jengo ambalo huenda likahitaji kutambuliwa kesho aweke pia daftari la vipimo na michoro isiyorekebishwa, kama Canaletto alivyoweka lake. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash, ilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020. Jengo lenye umri huo limeshabadilika zaidi ya mara moja. Mnara wa saa uliokuwa mbele yake uliongezwa baada ya mizinga ya Waingereza ya mwaka 1896. Mchoro wenye tarehe, kituo cha kusimama na vipimo vya nguzo una kazi ambayo picha nzuri peke yake haiwezi kuifanya.

Lipo pingamizi la mwisho, ambalo husikika zaidi miongoni mwa vijana wanaopenda sanaa: kwamba haya ni mambo ya Ulaya, na sisi tunayo njia yetu. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alianzisha Dar es Salaam shule nzima ya uchoraji kwa rangi za kopo juu ya mbao nyembamba bila kuhitaji nukta ya kutokomea, na kazi hiyo imesafiri dunia nzima. Ni kweli, na picha ya Tingatinga haipungukiwi na chochote, kwa sababu haiulizi mchoraji alisimama wapi. Picha ya mji ya kihalisia inauliza hilo hilo, na anayetaka kulijibu hana budi kujifunza kanuni zake. Wala elimu hiyo haina mwenyewe mmoja. Hasan Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra takriban mwaka 965 na kufariki Cairo karibu mwaka 1040, ndiye aliyeeleza kwa hoja na majaribio, katika Kitab al-Manazir, kwamba tunaona kwa mwanga unaotoka kwenye vitu na kuingia jichoni kwa mistari iliyonyooka. Kitabu chake kilisomwa Ulaya kwa Kilatini karne mbili hivi kabla ya Alberti kuketi kuandika.

Na pwani yetu inazipa kanuni hizo mtihani ambao Venice na Amsterdam haziutoi kwa namna hii. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar au vya Lamu, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene, hazikunyooka, na njia hujipinda kila baada ya hatua chache. Nukta moja ya kutokomea haitoshi. Kila kipande cha ukuta kina mwelekeo wake, hivyo kina nukta yake, lakini maadamu njia ni tambarare nukta zote zinakaa kwenye mstari ule ule wa macho, na ndio unaozuia mtaa usisambaratike. Kuta zenyewe huegemea, na timazi hapa hutumika kinyume: unaishusha ili upime ukuta umeiacha kwa kiasi gani, kisha unachora kiasi hicho, usizidishe. Mwanga ni mgumu zaidi. Jua hugusa ukuta mmoja juu kabisa, na kichochoro kilichobaki huishi kwa mwanga wa kurudishwa: ukuta mweupe wa kivulini huwa na buluu ya anga kwenye ghorofa ya juu, huingia manjano ya ukuta wa mkabala katikati, na karibu na baraza huchukua wekundu wa ardhi. Anayepaka ukuta huo kijivu kimoja kutoka juu hadi chini atapata karatasi. Achanganye kwanza rangi hizo tatu kwenye paleti, zikiwa na giza sawa na joto tofauti, azijaribu kwenye kipande cha ubao pembeni, na asiguse mlango wa nakshi mpaka ukuta utakapokubali kurudi nyuma.